Kamba ya Drusila

Mwanangu, iko siku moja ambayo nikiikumbuka bado naona haya. Miaka ya tisini, nilikuwa fundi mchanga wa kushona kanzu za kanisa pale Kawangware, kwa ile safu ya vibanda iliyouzia makanisa yote. Zablon alichonga misalaba, Rispa Auma aliuza mishumaa na ubani, nami na cherehani yangu tulikuwa katikati yao.

Akaja Drusila Achieng' kutoka mtaa wa Lindi, anataka kanzu nyeupe ya mumewe, Barnaba. Mume mwenyewe hakuja. Drusila alileta kamba yenye mafundo ya vipimo vyake: hili bega, hili mkono, hili la mwisho urefu. Aliongea kidogo sana, macho chini.

Alipoondoka nikaining'iniza ile kamba kutoka begani mwangu. Kipande kizima kikalala kwa vumbi.

"Huyu bwana ni mlingoti?" nikasema.

Zablon, Mungu amrehemu, hakuwahi kushindwa na utani. "Mpunguzie, asije akatufagilia barabara."

Nikapunguza. Nilijiona naijua kazi.

Siku ya tatu Drusila akarudi. Aliikunjua kanzu, akaipima kwa ile kamba, ikawa fupi.

"Barnaba ametuacha jana," akasema polepole. "Kesho tunampeleka nyumbani. Kwa kanisa letu, kanzu ya kuzikwa inafunika miguu."

Rispa, mkubwa wetu sote, akaniuliza bila ukali, "Ulimuuliza ni ya nini?"

"Hapana, mama."

"Na uso wake uliuona?"

Hapo ndipo niliposhikwa, mwanangu. Uso niliuona.

Kitambaa kile kilikuwa kimeisha. Nikatoa kanzu yangu mwenyewe ya Jumapili, nyeupe vilevile, nikaikata chini, nikaunga. Drusila alikaa kwa stuli ya Rispa mpaka nikamaliza, kisha akapitisha kidole juu ya mshono. Ulikuwa unaonekana wazi.

"Hii umeikata yako," akasema.

"Ndiyo, dada. Nisamehe."

"Basi acha mshono uonekane. Ataenda nao."

Mtu akikuletea jambo usilolielewa, usimrekebishe kabla hujamuuliza. Na ukimwona amenyamaza, muulize kwa upole, maana kuna maneno ambayo mtu hawezi kuyaanza mwenyewe. Mungu abariki mikono yako, mwanangu, na siku utakayokosea, akukutanishe na mwenye moyo kama wa Drusila.