Kaburi la Zizini

Nianze kwa kukiri: barua niliiandika mimi. Si kaka, wala si mtu mwingine. Niliiandika kwa mkono wangu, pale dukani kwangu Geita, mteja akiwa amesimama ananisubiri nimpimie kamba ya kushukia duarani, shimo la dhahabu. Niliandika kwamba bibi anayeishi kwenye kona ya eneo letu la ukoo, kijijini karibu na Samuye, si mtu wa ukoo wetu, ni mtu wa kuja tu, hivyo jina lake lisiingie kwenye hati na apewe muda wa kuhama. Kisha nikagonga muhuri. Jamani, muhuri wa duka la nyundo na sululu kwenye barua ya kumhamisha bibi wa miaka zaidi ya themanini! Lakini siku ile niliona nimefanya kazi safi kabisa.

Mambo yalianza na hati za kimila za ardhi. Kijiji kilikuwa kinapima maeneo, na kila familia iliambiwa ije kwenye mkutano wa kitongoji na maelezo: nani alianza kukaa pale, akamwachia nani, mpaka waliopo leo. Kaka yangu mkubwa anataka kujenga nyumba ya ukoo, na kajumba ka bibi yule kamekaa hasa pale anapotaka geti lipite. Akanipigia simu. "Mdogo wangu, wewe ndiye kichwa cha familia hii. Tuandikie ukoo wetu, tuumalize mchezo." Mimi ukinisifia kidogo tu umeshanipata. Barua nikaituma kijijini wiki ileile, na ushahidi nikaahidi kuuleta siku ya mkutano.

Ushahidi wenyewe sikuwa na wasiwasi nao. Sisi tumelelewa tukiambiwa ni damu ya watemi. Babu mzaa baba alitusimulia kwamba baba yake alikuwa mtoto wa mtemi, akapelekwa kwa mapadri upande wa Ushirombo kusoma, akarudi na dini, akaanzisha mji ule. Shuleni niliwahi kumpiga mwenzangu kofi kwa sababu alicheka nilipomwambia mimi ni mjukuu wa mtemi. Na kama kuna mtu alikuwa hataki kuamini, tulikuwa na kaburi.

Kwetu Usukumani, zamani mwenye mji alizikwa ndani ya zizi la ng'ombe wake. Mchungaji hazikwi humo, mgeni hazikwi humo. Zizi letu lina kaburi moja. Sasa hilo kaburi ni la nani kama si la baba yake babu? Hakuna aliyeuliza. Miaka michache iliyopita tulichanga, tukalijengea kwa saruji, tukaweka marumaru nyeupe, msalaba na jina lake kwa herufi za kuchonga. Padre alikuja kubariki, ng'ombe akachinjwa. Bibi wa pembeni, ndivyo tulivyomwita, alikaa chini karibu na miiba ya zizi, akapiga vigelegele kuliko sisi wote. Nakumbuka nilimwambia shangazi, mwangalie huyo naye, anashangilia babu wa watu.

Kitu kimoja kilikuwa kinatuudhi kwake. Akisalimiana na mtu mgeni, naye akaulizwa ni wa nani, kama kawaida yetu, alijitaja kwa jina la babu yake mzaa mama, halafu anasema ni wa mji huu. Wa mji huu! Tulikuwa tunaminyana tukicheka. Kaka alikuwa anasema, bibi huyu anajipachika.

Basi nikafunga duka siku ya Alhamisi, nikaenda kwenye parokia ile ya zamani huko Ushirombo. Kwenye sanduku la marehemu baba tulikuwa tumekuta kipande cha cheti cha ubatizo cha baba yake babu, kimelika pembeni, lakini namba inasomeka. Nilitaka tu kupiga picha ukurasa wenyewe kwenye daftari kubwa, ule unaosema mtoto wa mtemi, niutupie kwenye kundi la familia la simu kisha nikae nisubiri pongezi.

Aliyenipokea ni katekista mstaafu anayetunza vitabu vya ofisi, mzee mpole, miwani imefungwa kwa uzi. Alifungua daftari taratibu hadi nikaanza kugonga vidole mezani. Akapata namba, akaweka kidole, akasoma moyoni, kisha akaniangalia.

"Mama, huyu ni nani kwako?"

"Baba yake babu. Soma tu, mzee wangu."

Akanitafsiria kutoka Kilatini, neno baada ya neno. Mtoto wa kiume, umri kama miaka kumi. Baba, hajulikani. Mama, hajulikani. Kwao, hakujulikani. Amekombolewa kutoka msafara wa watumwa kwa vipande vya nguo.

Weee! Nilisimama, kiti kikaanguka. Nikamwambia mzee wa watu kwamba Kilatini chake kimeharibika, aniletee mtu anayejua. Bila kukasirika akaenda kumwita padre, kijana mdogo mwenye ndala. Padre naye akasoma. Yaleyale, tena yeye akaongeza maandishi yaliyokuwa pembeni, yaliyoandikwa kwa wino mwingine: ameondoka kwenda Samuye, kuchunga ng'ombe kwa mzee, na jina la mzee.

Jina lile nililijua. Ndilo lile ambalo bibi wa pembeni hujitaja nalo kila anaposalimiana na watu.

Katekista akaniletea maji, nikayaweka mezani. Kilichoniumiza wala hakikuwa utemi, utemi ulikuwa umeshakufa palepale. Ni ile miaka kumi. Mtoto wa miaka kumi anajua mama yake anaitwa nani, anajua kwao kuna mlima au mto. Ina maana hakuna aliyemuuliza, au aliulizwa kwa lugha asiyoielewa, na mtu akaandika hajulikani, akageuza ukurasa. Na sisi wote, kaka na geti lake, mimi na duka langu, watoto wetu walioko vyuoni, tumeanzia kwenye mstari ule. Nililia mbele ya wanaume wawili nisiowajua, mimi ambaye wachimbaji wa Geita wananiogopa.

Kesho yake asubuhi nilishuka Samuye, nikatembea hadi kijijini. Bibi alikuwa uani anaanika michembe, anapanga vipande vya viazi kimoja kimoja juu ya jiwe. Nilipiga magoti nikamwamkia. Akanijibu, "Marahaba, ng'wanawane, mwanangu," akaniuliza habari za Geita, za biashara, za watoto. Barua alikuwa ameshasomewa, nilijua, kwa sababu mwenyekiti wa kitongoji alikuwa amempelekea taarifa ya mkutano. Hakuitaja.

Nikamweleza nilichokikuta kwenye daftari. Hakushtuka hata kidogo. Alipangusa mikono kwenye kanga, akasema, "Njoo."

Nyuma ya nyumba yake, chini ya ua wa minyaa, kuna rundo la mawe. Nimeliona tangu utotoni. Tulikuwa tunakalia mawe yale tukila karanga zake. Pamefagiwa, alama za ufagio bado mbichi.

"Huyu ndiye babu yenu," akasema.

"Bibi! Babu yuko zizini!"

"Zizini yuko babu yangu mimi. Mwenye mji. Huyu wenu alikuwa mchungaji wake, wazee wa kijiji hawakukubali aingizwe mle. Alizikwa huku nje."

Mayo wee! Nikageuka nikatazama upande wa zizi, marumaru zinang'aa kwenye jua. Tulichinja ng'ombe. Tulimleta padre. Tulichonga jina la mtu juu ya kaburi la mtu mwingine, na mwenye babu yake amekaa chini anapiga vigelegele!

"Bibi, mbona ulinyamaza?"

"Mlimjengea babu yangu vizuri sana," akasema. "Wabeja." Na alikuwa anashukuru kweli, hakuwa ananisuta. Bora angenisuta.

Tukakaa pale kwenye mawe, kisha nikaruka juu kwa aibu, nikakaa chini kwenye vumbi. Akanisimulia. Mwenye mji alizaa binti mmoja tu aliyebaki hai, ambaye ndiye mama yake bibi. Mzee alipofariki, mji haukuwa na mwanamume mwingine wa kuuangalia, akabaki mchungaji. Alilima, alichunga, alioa mke wake kutoka kijiji cha pili, akazaa wana, na wale wana wakakua palepale pamoja na mtoto wa binti yule, yaani bibi mwenyewe. "Mimi amenibeba mgongoni," bibi akasema. "Alikuwa anaimba wimbo wa kwao, lakini maneno yake hakuna aliyeyajua, hata yeye alikuwa ameyasahau mengine." Siku alipokufa, mama yake bibi aliona uchungu azikwe peke yake nje ya mji kama mtu asiye na watu. Akabomoa nyumba yake ya katikati, akaja kujenga upya pembeni, jirani na kaburi. Bibi akazeekea humohumo.

"Na ukoo wetu? Hakuna aliyejua?"

"Babu yako alijua, akachagua kuwaambia ya utemi. Baba yako naye alijua. Mama alituambia yeye na mimi tu, akatukataza kusema. Alisema huyu mtu alifika hana ndugu, sasa amepata watoto, msije mkawaambia watoto wake kwamba hapa si kwao."

Niliona giza. Ile ile kauli ambayo mama yake alitukinga nayo, mimi nilikuwa nimeiandika kwenye karatasi na kuigongea muhuri, dhidi ya binti yake.

Nilimpigia kaka palepale. Nikamweleza yote, na kwamba ukurasa nimeupiga picha. Akasema, kwa sauti ya chini, "Hiyo picha ifute. Umenisikia? Kesho usiseme neno. Barua iko tayari, mkutano utapita, bibi tutamtafutia chumba."

"Kaka, eneo si letu."

"Unataka watoto wangu waitwe wajukuu wa mtumwa? Ukiifungua hiyo, mimi na wewe basi."

Akakata. Kaka huyu ndiye aliyenilipia ada baba alipougua, ndiye aliyenipa mtaji wa duka. Nilikaa nimeshika simu. Nitakuwa mwongo nikisema sikufikiria kumtii. Nilifikiria sana. Nilifikiria wateja wangu, midomo ya watu, wakwe. Nilifikiria hata kurudi Geita na gari la mchana, nisionekane kabisa kwenye huo mkutano.

Jumamosi nilikwenda. Watu walikuwa wengi, wamekaa kwenye mabenchi ya shule. Kaka alikuwa mbele na suti. Mwenyekiti wa kitongoji akasoma barua yangu kwa sauti mpaka mwisho, pamoja na jina la duka, na kila neno lilinichoma. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka wake, kanga imefungwa vizuri, mikono mapajani. Mwenyekiti akauliza kama mwandishi yupo na ushahidi wake.

Nikasimama. Kaka akanivuta gauni, nikautoa mkono wake. Nikasoma ukurasa wa daftari kutoka kwenye simu, jinsi padre alivyonitafsiria, baba hajulikani, mama hajulikani, pamoja na yale ya pembeni. Nikaeleza zizini yuko nani na kwenye mawe yuko nani. Minong'ono ikaanza. Kuna mama alisema "Mungu wangu!" kwa sauti, na mzee mmoja wa nyuma akasema yeye alishasikia hayo utotoni akadhani ni hadithi. Kaka alinyanyuka akaondoka bila kumtazama mtu. Nikaiomba barua yangu, nikaichana mbele yao, vipande vikaanguka miguuni kwangu.

Mwenyekiti akashusha pumzi. Akamgeukia bibi kwa heshima ambayo sikuwahi kuona akipewa.

"Bibi, kumbe eneo ni la babu yako. Sasa hawa unasemaje? Tuwaandike, au waondoke?"

Nilikuwa nimesimama pale, mtu mzima, mwenye duka, nikisubiri kuambiwa kama nina kwetu au sina.

"Waandike wote," bibi akasema. "Waandike na yule aliyeondoka."

Kisha akaniita nisogee. Nikapiga magoti kwenye mkeka. Alinitazama bila hasira, na macho yake yalikuwa yamelowa.

"Ng'wanawane, nataka kujua jambo moja tu. Ulipoandika kwamba nihame, ulifikiri nitakwenda wapi?"

"Sikufikiria, bibi," nikasema.