Penalti Tano za Yohani

Mimi ni Mmachame, Mchaga mwenye duka. Mizani ya mtu siiamini, na yangu mwenyewe naikagua kila asubuhi. Kwa hiyo ukiniambia mkwe wangu Yohani alidaka penalti tano, zote, sikubishii, nilikuwepo. Nasema tu jambo lile halikuwa la kawaida, na la namna hiyo lazima liulizwe limetoka wapi.

Yohani ni mtoto wa Kansay, Mwiraqw. Alikuja hapa Oldeani kuvuna kahawa shambani, wakampa kazi ya kugeuza kahawa kwenye meza za kuanikia. Kutwa yuko pale, anageuza, hasemi. Mtu asiyesema ananitia wasiwasi. Nataka mtu anigombeze kidogo nimjue. Yeye akija dukani ni "shikamoo mzee", anachukua sabuni, huyo anaondoka. Sabuni gani ya kila siku, na shati lenyewe halionyeshi? Kumbe macho yalikuwa nyuma ya kaunta, kwa binti yangu Goodness!

Posa ikaja. Mama Goodness alikubali hata sijamaliza kukunja uso. Ndiyo mwaka ule wa mvua za El Nino, zilipokatika wakaanza kutangazwa kanisani. Jumapili ya kwanza, mchungaji kauliza kama kuna mwenye pingamizi, kimya. Ya pili, kimya. Imebaki ya tatu, na baada ya hapo binti ndiyo ameenda.

Jumamosi ya kuamkia hiyo ya tatu ilikuwa fainali, timu ya shamba letu na ya shamba jirani, na Yohani ndiye kipa wetu. Alfajiri nilikuwa naenda kufungua duka. Napita uwanjani, namwona ameinama golini, gunia pembeni, anachimba, anafukia. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Nikajibanza nyuma ya mti. Harufu ikanijia, chachu, mbaya. Mungu wangu! Mimi mzee wa kanisa, na mkwe wangu ni kamati ya ufundi, anazika dawa golini!

Mchana mechi ikaisha bila bila. Penalti. Timu zote mbili zikapiga kwenye goli lile lile la alfajiri. Wenzake Yohani walikuwa hovyo, mmoja baada ya mwingine wanapaisha juu, mpaka wa mwisho ndiye akafunga. Lakini yeye? Wa kwanza kapiga kulia, kadaka. Wa pili kushoto, kadaka. Mpaka watano wakaisha. Watu wakambeba juu juu. Mimi mikono yangu niliiweka mfukoni.

Jioni kwenye bucha la Inosenti kelele tupu. Inosenti, kisu mkononi, akasema, "Mtu kufunga magoli matano mechi moja, nimeona. Kipa kupiga mpira akiwa golini kwake ukasukumwa na upepo ukaingia goli la ng'ambo, nimeona, kule Mang'ola. Penalti tano zote? Hata redioni sijasikia."

Nikamwambia, "Ndiyo maana! Magoli matano utapata, mabeki wakiwa wamelewa. Upepo ni wa Mungu. Lakini kubahatisha upande mara tano? Hakuna binadamu!"

Nikarudi nyumbani nikasema yote. Goodness akasimama, sahani mkononi. "Baba, na kipa wao si alisimama pale pale? Mbona dawa haikumsaidia?"

"Dawa inamjua mwenyewe."

"Kesho kanisani utasema hivyo?"

"Nitasema."

Akaweka sahani chini, akaingia chumbani. Nilimsikia analia, na moyo uliniuma, nisiseme uongo. Lakini nimpe binti yangu mganga?

Jumapili kabla ya ibada nikamchukua mchungaji, nikabeba jembe, tukaenda uwanjani. Watu wakafuata, Yohani na Goodness wakiwamo. Nikachimba kwa nguvu zote, na tai shingoni. Nikatoa maganda ya kahawa. Nikachimba zaidi. Maganda. Yale yanayotoka kwenye mashine ya kumenyea, yaliyooza, yananuka. Mimi niliyezaliwa kwenye kihamba, shamba la ukoo la kahawa, nimeshindwa kuitambua harufu yake!

"Mzee," Yohani akasema, "uwanja umekuwa saruji tangu mvua zikatike. Mechi ile nyingine nilianguka bega likateguka, nikawa naogopa kuruka. Nikatafuta cha kuangukia."

"Mbona alfajiri, kama mwizi?"

"Asubuhi naingia kazini."

"Na kutazama huku na huku?"

"Kulikuwa na mtu kajificha nyuma ya mti. Nilidhani ndiye mwizi."

Watu walicheka mpaka mchungaji akageukia pembeni. Sikukubali. "Maganda yanakwambia mpira unakwenda upande gani?"

"Hapana. Hapo nilibahatisha."

"Mara tano? Ingia golini!"

Nikaomba mpira. Nikapiga, na viatu vyangu vya kanisani. Wala haukuwa mkwaju, mpira ulijikokota tu kwenda kulia, hata kuku angeukwepa. Yohani akaruka kushoto, akajibwaga kwenye mashimo yangu, suti ya kuazima yote ikajaa maganda. Goli!

"Umeniachia!" nikapiga kelele.

"Hapana, baba. Nimepotea upande."

Baba. Siku zote ilikuwa mzee. Nilimtazama yule kijana, ananuka, amechafuka, jana tu kabebwa mabegani, leo anachekwa amefungwa na babu. Na uso mkavu kabisa. Goodness alikuwa anampangusa bega lile baya.

Ibadani mchungaji akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Kanisa zima likageuza shingo kwangu. Nikainama nikawa nasafisha kiatu. Nilisafisha mpaka akaendelea na matangazo mengine.

Sasa wana watoto, na mkubwa wao ananipiga chenga hapa hapa dukani. Kila Krismasi namuuliza Yohani, "Sema kweli, uliniachia?" Anasema hapana, baba. Mwongo mkubwa! Inosenti bado anawasimulia wateja kwamba penalti tano hazitatokea tena. Zitatokea, mpira ni mpira. Mimi ile ya sita, ile yangu, ndiyo sijaona mtu mwingine wa kuidaka vile, kwa kuiachia ipite.