Okidi Nyeupe Chini ya Kitanda

Nikiwa na miaka tisa kule Sironga, nilikuwa mbishi hata kwa mambo nisiyoyajua. Chini ya shamba letu la chai palikuwa na bonde la majimaji, na mvua zikikolea, okidi za mwitu zilichanua pale, zote za rangi ya waridi. Mwaka huo, hatua chache tu kutoka nyumbani, nikaona moja nyeupe pe!

Magokoro, ndivyo tulivyomwita bibi mzaa baba, alinishika sikio. "Ua lililokataa rangi ya wenzake haliingii nyumba yenye mja mzito. Liache hapo hapo. Umesikia?"

Nilisikia. Lakini ng'ombe wa jirani walilishwa bondeni, na roho yangu haikutulia. Nikaling'oa na udongo wake, nikalipanda kwenye mkebe, nikausukuma chini ya kitanda cha mama. Kwetu Wagusii mama mkwe haingii chumba anacholala mwanawe, kwa hiyo Magokoro asingeliona kamwe. Mama alikuwa na mimba ya miezi saba.

Siku ya nne uchungu ukamshika. Alipelekwa hospitali, akarudi mikono mitupu. Mtoto alikuwa wa kike, aliishi siku mbili.

Kabla hajarudi nilikuwa nimeutupa ule mkebe chooni. Jamani, sikupata usingizi. Nilizunguka boma, nikasugua sufuria zilizo safi, na Sabato kanisani nikashindwa kukaa kitako. Watu wakanisifu kwamba nimekuwa mchapakazi. Hata ukubwani, nilipobeba mimba yangu mwenyewe, nilipiga marufuku maua nyumbani. Mume wangu akadhani yananipigisha chafya.

Mwaka jana, tukimenya ndizi jikoni, likanitoka tu. "Mama, yule mtoto nilimuua mimi." Nikamweleza yote.

Mama akaweka kisu chini. "Lile ua? Nililiona siku ya kwanza nikifagia. Nililimwagilia maji kila asubuhi. Nilifikiri umeniletea, unaona haya kusema."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliporudi halikuwepo. Nikajua umenikasirikia kwa kurudi bila mtoto."

Nililia, naye akalia. Sijui ua lina nguvu gani, na Magokoro ni marehemu, sitabishana naye. Ninachojua ni kwamba miaka yote hiyo tulimlilia mtoto mmoja ndani ya nyumba moja, mimi nikijilaumu, naye akiamini ninamlaumu. Jioni ile ndipo nilipomuuliza mama, kwa mara ya kwanza, walimpa jina gani. Akanitajia.