Na Kabureta Mpya Hadi Kolo

Safari hii ilianza kwa sababu nilitaka kuona ndani ya kabureta ya gari.

Ninyi wa nyumbani Masasi mnanijua. Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo sijawahi kukaa mji mmoja mwaka mzima. Kabureta niliyoijua mimi ni ile ndogo ya mashine ya kupulizia mikorosho, ambayo kila msimu wa salfa tulikuwa tunaifungua, tunaipuliza kwa mdomo, kisha tunaifunga huku tunaomba Mungu. Basi nilikuwa napita Dodoma nikielekea Singida, na huko Chang'ombe nikamwona fundi ameitandaza kabureta ya gari juu ya gunia, vipande vipande. Nikatua begi langu. Sikulibeba tena hadi mwezi ulipokwisha.

Fundi huyo anaitwa Ndahani, Mgogo mwenye mwili mkubwa na sauti ndogo. Aliniuliza natafuta nini, nikamwambia natazama tu.

"Kutazama hapa hakuna kiti," akasema. "Shika hii tochi."

Gari lenyewe lilikuwa kigari cha milango miwili, rangi ya maziwa, kikubwa kwangu kwa umri. Mwenyewe ni Bi Mwanaidi, mama wa Kirangi aliyestaafu kazi ya bibi shamba. Kwa miaka mingi alizunguka nalo vijiji vya Kondoa akiwafundisha watu kupanda mtama kwa mistari. Wanakijiji, kwa kuwa yeye alikuwa bibi shamba, gari wakaliita Bwana Shamba, na jina likabaki.

Kabureta ya asili ilikuwa imelika hadi petroli inachuruzika, na ya namna ile haipatikani tena. Ndahani akaagiza Dar es Salaam nyingine, mpya, iliyotengenezwa kwa injini kubwa kidogo. Matundu ya boliti hayakulingana, akachonga bamba la kuyaunganisha. Kisha kasha la chujio la hewa likakataa. Kasha hilo ni kama bakuli jeusi la bati linalokaa juu ya kabureta na kuvuta hewa kwa mdomo wake mrefu, na koo la kabureta mpya lilikuwa pana mno kwake. Ndahani akakata pete kwenye kitako cha sufuria, akaipachika katikati. Kasha likakaa kama limezaliwa hapo.

Namna ya kuiseti kabureta, yaani kuirekebisha, Ndahani alinifundisha hivi. Unaikaza skrubu ya hewa mpaka mwisho, pole pole, kisha unairudisha mizunguko miwili na nusu. Unawasha, unasikiliza. Ukitoka barabarani na kurudi, unafungua plagi na kuitazama rangi. Ikiwa nyeusi kama sufuria ya kuni, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe, petroli haitoshi. Unataka rangi ya biskuti. Tulihangaika siku nzima tukienda na kurudi barabara ya Msalato, mpaka jioni Ndahani akaichomoa plagi ya mwisho, akaigeuza kwenye mwanga, akacheka peke yake. Ilikuwa biskuti kabisa.

Jioni hiyo hiyo alifika Idrisa, mtoto pekee wa Bi Mwanaidi, kutoka kwake Ipagala. Tangu mwaka uanze alikuwa ameshaitwa mara kadhaa kwenda kumwokota mama yake njiani, na safari moja alimkuta amekaa ndani ya gari bovu, giza limeingia, malori yanampita. Hajasahau.

"Mama, Jumatatu watu wa vyuma chakavu wanakuja," alimwambia mama yake, aliyekuwa amekuja kulitazama gari.

"Waje wachukue vyuma vyao. Hapa pana gari."

"Gari ni lile linalokwenda, mama."

"Basi Jumamosi linakwenda Kolo. Nakwenda kumwona dada yangu. Na wewe utakaa kiti cha nyuma, uone."

Wakakubaliana mbele yetu. Bwana Shamba akienda Kolo na kurudi kwa nguvu zake, Idrisa hatalitaja tena jambo la kuuza. Akifungwa kamba na kuvutwa, hata kwa umbali wa kutupa jiwe, Jumatatu anaondoka. Ndahani ana kwaya Jumapili, asingeweza kuja. Akanitazama mimi, akanipa mfuko wa spana na kiberiti kitupu chenye jeti mbili ndani. Jeti ni kipande kidogo cha shaba chenye tundu ambamo petroli hupita.

"Hizi zina tundu jembamba kuliko iliyomo," akasema. "Kolo ni juu, hewa nyepesi. Ukiona moshi mweusi, punguza petroli."

Jumamosi alfajiri, Chang'ombe. Bi Mwanaidi alivaa miwani, akazunguka gari lake akiyapiga matairi teke. Akafungua boneti, akatazama maji na oili, akainama humo ndani kidogo, akafunga. "Bismillahi," akasema, akakaa kwenye usukani. Mimi nilikaa pembeni yake. Idrisa alijikunja nyuma, magoti karibu na kidevu.

Msalato tuliipita vizuri. Makutupora jua lilikuwa limeshapanda juu ya mashamba ya zabibu. Kupita Mayamaya nikaanza kuhisi gari linachoka. Halikuzima, ila kila kimlima lilivuta pumzi kama mtu mwenye pumu.

"Masasi," Idrisa akaniita. Jina langu hakutaka kulijua. "Geuka nyuma utazame."

Nyuma yetu palikuwa na moshi mweusi.

Chemba tukasimama. Nilifungua plagi, nikakuta masizi matupu. Nikamweleza Idrisa habari za hewa nyepesi, kwa kirefu, maana elimu mpya huwasha mdomoni. Nililitoa kasha la chujio nikampa Bi Mwanaidi alishike, nikaigeuza skrubu kidogo, nikawasha. Injini ikanguruma safi. Nikalirudisha kasha, tukaondoka kwa fahari. Kabla nyumba za Chemba hazijaisha, moshi ukarudi.

"Hiyo hewa nyepesi imeanzia Chemba?" Idrisa akauliza. "Mbona hapa hapana mlima hata wa kukalia?"

"Mwache afanye kazi," mama yake akasema.

"Namwacha, mama. Nami nafanya yangu ya kushuhudia."

Kondoa mjini tulifika saa nne. Nilibadilisha jeti, nikaweka mojawapo ya zile za kwenye kiberiti. Kasha nje, kasha mikononi mwa Bi Mwanaidi, injini ikaitika vizuri kuliko hata Dodoma. Wauza viazi vitamu walikuja kutazama, mmoja akasema kumbe gari hili halijafa, alilipanda zamani akiwa mgongoni kwa mama yake. Bi Mwanaidi akafurahi sana. Tukanywa chai, tukaondoka.

Kutoka Kondoa, barabara inapanda. Vilima vya huko ni vyekundu, vimechimbwa na mvua za zamani hadi vimekuwa kama mbavu. Gia ya tatu ikashindwa, ya pili ikashindwa, ya kwanza ikatusogeza kidogo. Kisha Bwana Shamba akatikisika, akakohoa, akazima.

Tulishuka. Idrisa aliweka mawe nyuma ya matairi, akatoa simu. Ana rafiki yake Kondoa mwenye pikapu. Nilimsikia akisema, "Njoo na kamba," na sauti yake haikuwa ya mtu aliyeshinda. Alikuwa anamtazama mama yake.

Mimi nilifungua boneti tena. Jeti ya pili iliyobaki ilikuwa na tundu jembamba zaidi, na sikuwa na hakika nayo. Nikatoa kasha, nikampa Bi Mwanaidi, naye akakaa nalo juu ya jiwe kando ya barabara. Nikawasha. Injini ikawaka mara moja, ikanguruma kama kawaida. Ndipo nilipoelewa kwamba kila ninapofungua, gari linapona, na kila ninapofunga, linaugua. Mlima haujui kama boneti iko wazi.

Nikageuka nimuulize Bi Mwanaidi jambo, nikaitazama mikono yake. Alikuwa amechomoa kipande cha kanga kwenye mdomo wa kasha. Akakikung'uta, akakikunja mara mbili, akakisukuma tena ndani ya mdomo kwa vidole viwili, taratibu, bila kutazama, kama anavyorekebisha ushungi.

"Mama," nikasema. "Hicho ni nini?"

"Kitambaa cha vumbi."

"Vumbi gani, mama?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa maji ni ya nini. "Njia ya Kondoa hii. Bila kitambaa injini inakula mchanga. Tangu napewa kazi naweka."

Idrisa alishusha simu. Akaitazama barabara, lami nyeusi iliyonyooka hadi kwenye kona. "Mama, lami imeshafika muda mrefu."

"Si naiona? Naipita kila mara." Akakitazama kitambaa. "Lakini mbona miaka yote hakikuzuia kitu?"

Hilo nililijua, nami nikafurahi kwamba nalijua. Kabureta ya zamani ilikuwa na koo dogo. Hewa iliyopenya kwenye kitambaa iliitosha. Hii mpya ina koo pana, inataka kuvuta pumzi ndefu, na sisi tumeiziba mdomo kwa kanga. Ndahani aliiseti kitambaa kikiwa hakimo. Mimi, badala ya kuuliza gari limebadilika nini tangu jana, nimekuwa nikiinyang'anya petroli tangu Chemba.

"Kwa hiyo ni mimi," Bi Mwanaidi akasema.

"Ni sisi watatu, mama. Wewe umeziba, mimi nimechokonoa, na Idrisa amecheka."

"Mimi nimecheka kihalali," Idrisa akasema, lakini alishaanza kukunja mikono ya shati.

Haikutosha kutoa kitambaa. Tulipowasha na kukanyaga mafuta, injini ilipiga chafya kwenye kabureta, maana sasa petroli ilikuwa kidogo mno. Ilibidi nirudishe yote niliyoyaharibu. Idrisa alinishikia boliti viganjani. Niliitoa jeti yenye tundu jembamba, nikairudisha ile aliyoiweka Ndahani. Nikaikaza skrubu mpaka mwisho, pole pole, nikairudisha mizunguko miwili na nusu. Bi Mwanaidi akatia kitambaa chini ya kioo cha mbele, akakaa, akawasha.

Tulilisukuma gari mimi na Idrisa lisirudi nyuma. Baada ya hatua chache mikono yetu ilikuwa inasukuma upepo. Alituacha pale, akapanda peke yake hadi kwenye kona, akasimama huko juu, akapiga honi. Honi ya Bwana Shamba ni nyembamba kama ya baiskeli. Nasi tukakipanda kilima hicho tukihema.

Idrisa akapiga simu. "Rudi tu, bwana. Samahani. Hapana, hamna kitu. Limepanda."

Kolo, baada ya adhuhuri. Nyumba ya Bi Halima, dada yake Bi Mwanaidi, iko mbali na barabara kuu, njia yake ni ya udongo. Lami ilipoishia, Bi Mwanaidi akasimama. Akachukua kitambaa, akafungua boneti.

Nikafungua mdomo nimzuie. Upepo ukapita, na njia yote mbele yetu ikainuka nyekundu. Nikafumba. Nikamwambia tu twende taratibu kwa gia ya kwanza, injini haitaki hewa nyingi, kitambaa hakitaikaba. Moshi kidogo ulitoka, tukafika.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Bado unaye huyu bwana?" Bi Halima akauliza, akilipiga gari kofi mgongoni. "Wa kwangu alikufa, wako unambadilisha viungo!"

Tulikula ugali wa uwele kwa mlenda na maziwa ya mgando. Asubuhi yake, kabla ya kuondoka, nilipanda kwenda kuona michoro ya miambani, watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu. Nilimuuliza mtembezaji wameshika nini mikononi. Akasema kila mtu hujibu lake. Nilikaa nao kitambo nikiwaangalia mikono.

Jumapili, kurudi. Pale lami inapoanzia, Bi Mwanaidi alichomoa kitambaa na kukikung'uta. Vumbi lililotoka lingetosha kusiriba ukuta. Akanionyesha, nami nikamwambia, "Nimeona, mama." Kondoa, Chemba, Mayamaya, hatukufungua boneti. Idrisa aliomba kuendesha, na kuanzia Makutupora mama yake alilala, miwani imemshuka puani. Sijawahi kumwona mtu akiendesha kitu kwa uangalifu namna ile.

Nilichokipata katika safari hii naweza kuwaambia ninyi mnaofungua mashine za salfa kila msimu. Kabla hujagusa skrubu, uliza nani mwingine ameligusa gari, na kwa sababu gani, kwa sababu huenda sababu yake ni nzuri ila imeachwa kwenye barabara nyingine.

Jioni tuliingia Chang'ombe. Uchochoro wa kwa Bi Mwanaidi hauna lami, na kiangazi kile vumbi lilikuwa hadi kwenye vifundo vya miguu. Ilibaki nyumba chache tu hadi getini. Idrisa akasimamisha gari. Akashuka, akafungua boneti. Kupitia upenyo wa chini yake niliviona vidole vyake viwili, vinasukuma kitambaa taratibu.

Akarudi, akawasha, akaliingiza Bwana Shamba uani, mahali pake.