Injini ya Boti ya Mama Mkwe

Mimi ni fundi wa umeme wa magari hapa mtaani West Indies, na ziwa la karibu nami ni lile linalotokea mbele ya geti langu mvua ikinyesha. Kwa hivyo injini ya boti iliposhushwa kutoka kwenye pikapu uani kwangu, majirani walipata la kusema. Mmoja aliuliza kama nimeambiwa kuhusu gharika ambayo yeye hajaambiwa.

Injini ilikuwa ya mama mkwe wangu, mjane anayevusha watu na samaki kwa boti yake huko ziwani, kazi ambayo mimi siiwezi hata nikifungwa maboya mwili mzima. Stata, ile mota ndogo ya kuwashia injini, ilikuwa imegoma. Akibonyeza, inalia tik, tik, basi. Mafundi wa kule walishamkatia tamaa. Mke wangu, kwa kiburi ninachokipenda sana, akamwambia mamake kwamba bwanake hajawahi kushindwa na waya. Mama akaileta mwenyewe, na kesho yake asubuhi alitaka kurudi nayo kazini.

Sasa, kwetu mtu na mama mkwe wake hawapeani mikono, hawaketi pamoja, wala hawasemezani ovyo. Miaka kumi na mmoja ya ndoa, na hatukuwa tumeambiana neno. Alikaa nyuma ya kamba ya nguo, mashuka yakiwa ukuta kati yetu, na akiwa na la kusema anamtuma binti yake.

Injini hizi hupozwa kwa maji, kwa hivyo niliifunga kwenye mbao, mguu wake ndani ya pipa lililojaa. Nikaanza na nyaya. Ule unaotoka kwenye betri kwenda kwenye chuma cha injini ulikuwa umeliwa na kutu ya kijani. Nikaukata, nikaufunga kichwa kipya, nikachaji betri. Nikabonyeza nikiwa nimeshatabasamu. Kimya. Hata ile tik haikuwepo.

Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini ugonjwa umebadilika njiani. Mimi nilitukana. Nikapima fyuzi, nikafungua swichi, nikafuata kila waya kama mtu anayetafuta pete aliyoangusha.

Mke wangu akaja kusema kwamba mama anauliza kama nimeangalia gia. Nilicheka. Nikamtuma arudi akamweleze mama kwamba hili ni tatizo la umeme, na gia ni mambo ya mafundi wa grisi. Hayo yalitoka kwa mtu ambaye kila wiki huitwa kwenye gari la otomatiki lililokataa kuwaka, akarudisha gia mahali pake, na kushukuriwa kama daktari.

Kufika saa tisa mchana, subira iliniisha. Nikachukua bisibisi na kuunganisha moja kwa moja vyuma viwili vinavyopeleka moto kwenye stata. Injini ikanguruma, na ile feni yake ya chini ikaanza kuchapa maji ndani ya pipa. Maji yakaruka hadi kwenye kamba, yakalowesha mashuka na aliyekuwa nyuma yake. Nilikuwa nimemmwagia mama mkwe maji, na sijui faini yake ni mbuzi wangapi.

Hata hivyo nilifurahi kama mwehu. Nilizima, nikamwambia mke wangu, kwa sauti ya kufika ng'ambo ya mashuka, kwamba nitaweka swichi yangu mwenyewe itakayoruka upumbavu wote huo, na injini itawaka wakati wowote. Nikaanza kufunga waya.

Shuka likafunuka. Mama akatoka akichuruzika maji, akaja akasimama hatua mbili kutoka kwangu. Mke wangu alijiziba mdomo.

"Mkwe, toa hiyo waya," alisema. "Injini iko kwa gia. Iliguswa wakati wa kupakia."

Akarudisha kijiti cha gia cha pembeni katikati, akabonyeza swichi yake ileile. Injini ikawaka kwa upole, feni imetulia majini. Ugonjwa wa stata nilikuwa nimeuponya asubuhi, na siku nzima iliyobaki nilikuwa nagombana na kinga yake, ile inayozuia injini isiwake ikiwa kwenye gia.

Nilitaka kuomba radhi, lakini hakuwa amemaliza. Alizungumza akiangalia pipa.

"Baba ya huyu msichana aliwasha ikiwa kwa gia. Boti iliruka, yeye akabaki kwa maji. Ile injini ya zamani ilikuwa inawaka tu. Hii nilinunua kwa sababu inakataa."

Nilijua baba mkwe alikufa maji. Hakuna aliyewahi kuniambia vipi, na mimi sikuwahi kuuliza. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikachukua koleo, nikakata waya wangu, nikautia mfukoni.

Mama alirudi nyuma ya mashuka. Baadaye mke wangu aliniletea chai na ujumbe kwamba mama anashukuru. Nilimtuma arudi akamwambie kwamba nimeangalia gia, mara mbili.