Kumuuliza Mgeni Alichojia

Nilianza kusoma Kijerumani nikiwa nimeshapata wajukuu wanne. Watatu wako hapa Msambweni, tunagombana kwa lugha tunayoelewana. Wa nne alizaliwa Ujerumani, kwa binti yangu aliyeolewa huko, na kila tulipopigiana simu ya video alinitazama kidogo kisha akaenda zake. Binti akasema, "Mama, yule haelewi Kiswahili, nami sina wakati wa kumfundisha." Wakati sikuwa nao mimi pia, lakini nilikuwa na hasira, na hasira humfikisha mtu mbali.

Nikajiandikisha darasa la Ukunda, kwenye chumba juu ya duka la simu. Wenzangu walikuwa wahudumu wa hoteli na vijana wanaotembeza watalii Diani. Mwezi wa tatu tukafika kwenye somo la matumizi ya vitu. Mwalimu, mwanamke aliyewahi kuishi Ujerumani, aliinua kitu kimoja kimoja na kuuliza, "Wozu?" Yaani, cha nini? Kisu cha kukatia, ufunguo wa kufungulia. Nikaona Wajerumani hawaachi hata kijiko kipumzike bila kujieleza.

Kisha akatugeukia sisi. Tumekuja darasani ili tufanye nini? Wenzangu wakajibu mbiombio: ili nipate kazi, ili nipandishwe cheo. Zamu yangu ilipofika nikasema nilikuwa napita tu.

Darasa zima likacheka. Lakini mimi nilijibu nilivyolelewa. Kwetu mgeni hana jambo. Hata aliyekuja kuposa, hata aliyekuja kushtaki kuwa mbuzi wako amekula mihogo yake, kwanza alikuwa anapita tu, mpaka anywe maji na aulizwe habari za nyumbani, kuku wakiwemo. Ukimuuliza alichojia kabla ya hapo, umemfukuza.

Mwalimu akanivuta kando. "Shikamoo mama. Kule watakuuliza, na si utovu wa adabu." Akaniandikia sentensi moja: nimekuja ili nikuone. Um dich zu sehen. Niliikariri nikikanda unga, nikifua. Siku moja nikaisema katikati ya swala, ikabidi nianze upya.

Likizo ilipofika binti yangu na wa kwake wakaja, wakapanga nyumba Diani. Nikaenda kwa tuktuk, kanga mpya, bakuli la mahamri mapajani. Mkwe wangu akanifungulia, akanipa mkono, akaenda kumwita binti yangu aliyekuwa anaoga. Mjukuu alikuwa sakafuni akipanga vigari vyake mstari mmoja. Akanitazama juu mpaka chini.

"Wozu bist du gekommen?" Yaani, umejia nini?

Nilijua hakukosa adabu. Nilikuwa nimelisomea swali lile miezi mizima. Hata hivyo liliniuma, maana masikio yangu ni ya Msambweni. Nikaitoa sentensi yangu, wala sikukosea hata herufi.

Akafikiri. Kisha akanijibu, kwa upole kabisa, kwamba basi sasa nimeshamwona.

Alisema kweli. Nilisema nimekuja kumwona, na nilikuwa nimemwona, tena hata adhuhuri haijafika. Nikatafuta kichwani namna ya kumwambia kuwa nataka tu kukaa, bila ya sababu, na hiyo hatukufundishwa. Nikaweka bakuli chini, nikakaa kando yake, nikamsukumia kigari kimoja.

Akakichukua, akakirudisha pale pale alipokuwa amekipanga.