Wakili wetu ndiye wakili wao

Admin, funika jina langu vizuri, kwa sababu mume wangu anafuata page hii na huwa anacheka shida za wengine akiwa mezani. Leo acheke yake.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, nina watoto watatu na hoteli ndogo hapa Salama, kando ya barabara kuu, kwenye kiwanja cha mume wangu. Jiko nilirithi kwa mama yangu, na ni muthokoi yake, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, inayowasimamisha madereva wa malori mpaka leo. Sina cheti cha maana. Kusoma najua, na hilo ndilo limenifanya adui nyumbani kwangu.

Mwaka huu kampuni moja ya Nairobi inayouza kuku wa kukaanga ilitujia. Wanaita franchise: jengo lako, jasho lako, lakini jina la mlangoni na kila kinachopikwa ni kwa amri yao. Sikukataa. Hata watoto wangu wanapenda hao kuku kuliko chakula cha nyanya yao. Nilisema kitu kimoja tu, kwamba tutafute wakili Nairobi anayejua mambo haya, atusomee mkataba kabla ya kutia sahihi.

Mume wangu, ambaye ni mweka hazina wa kanisa, akalipeleka jambo langu kwa kamati ya kanisa. Kamati! Wazee watano walioshindwa kukubaliana rangi ya mlango wa choo ndio wa kunichagulia wakili. Hawakuuliza amewahi kushughulikia mkataba wa aina hii. Waliuliza kama ni wetu, kama ameokoka, na atakuja na magari mangapi. Wakamchagua kijana wa Kilungu ambaye ndiye mgeni wa heshima kwenye harambee ya paa la kanisa. Yaani mabati ndiyo yaliyonitafutia wakili.

Tulimwendea ofisini Nairobi, mimi na mume wangu. Viti vya ngozi, picha zake mwenyewe ukutani, simu mbili mkononi. Mkataba una kurasa arobaini na hakufungua hata mmoja.

"Mama, hii kitu ni standard," akaniambia. "Wewe enda upike, mambo ya karatasi tuachie."

Nikamuuliza, "Na muthokoi yangu itaruhusiwa?"

Hakunijibu mimi. Alimgeukia mume wangu. "Mzee, muthokoi tena? Si tunataka kuendelea?" Mume wangu akacheka hadi akajipiga magoti, mtu aliyesomeshewa watoto na hiyo hiyo muthokoi.

Nina mteja mmoja, mama mwenye duka la keki huko Machakos, nalo linatumia jina la kampuni ya watu. Ameshapitia haya, kwa hivyo nikamuuliza yeye badala ya kamati. Akanielekeza kwa wakili wake. Jana Alhamisi nikadanganya kwamba naenda Kikima kumwona dada yangu, nikachukua nakala ya mkataba nikaenda Nairobi peke yangu. Hilo la uongo nalikiri.

Wakili huyo ni msichana tu, ofisi yake ghorofa ya tano na lifti imekufa. Kabla ya kushika karatasi aliniuliza ninapika nini, nimepika miaka mingapi, na kiwanja ni cha nani. Kisha akasoma ukurasa kwa ukurasa, kalamu mkononi, mimi nimekaa hapo hapo. Akanionyesha kwamba sitaruhusiwa kuuza chakula kingine chochote. Na tukiachana na kampuni, kwa miaka mitano sitafungua hoteli yoyote Salama.

"Hata kwa jiko la mama yangu?"

"Hata chai, mama."

Halafu akafungua ukurasa wa mwisho, kule chini wanapoandika ni mawakili gani waliotayarisha mkataba. Akaniuliza, "Wakili wenu ni nani?" Nikatoa kadi yake. Jina lile lile, sanduku la posta lile lile. Mkataba wa kampuni umeandikwa na wakili wetu! Mimi ninayejisifu kusoma nilikuwa nimechoka kabla ya kufika mwisho. Kesi ya nyani nilikuwa nimempelekea ngedere, tena nikamwamkia kwa heshima.

Nilimweleza mume wangu tukila chakula cha jioni. Hakushtuka hata kidogo.

"Si hiyo ndiyo mzuri?" akasema. "Anajua pande zote mbili. Hawezi kosana na yeye mwenyewe."

Nimeishi na huyu mtu miaka ishirini na mbili.

Nikampigia mchungaji. Akaniambia wakili wa kweli ni Yesu. Nampenda Yesu, lakini jina lake sikuliona ukurasa wa mwisho.

Sasa Jumapili, keshokutwa, mkataba utaombewa mbele ya kanisa, niutie sahihi hapo hapo watu wakipiga makofi, ndipo mgeni wa heshima atoe mchango wake. Mume wangu amesema, "Kiwanja iko na jina yangu. Ukiaibisha mtoto wa watu, nitawapa hao wa kuku, na wewe utafute mahali pa kupikia na pa kulala." Yule msichana yuko tayari kuwaandikia kampuni wabadilishe masharti, lakini amesema nisitie sahihi popote, kwani nikishatia hana la kunisaidia.

Nikinyamaza nitabaki na bwana nipoteze jiko la mama yangu. Nikisema, huenda nikabaki na sufuria zangu barabarani. Na wale wa kuniambia niombe, nimeomba, asanteni.

Mke wa mchungaji amepiga simu sasa hivi kuuliza nitavaa kitambaa cha rangi gani, wapange picha. Nyinyi msionijua, niambieni ukweli: Jumapili wakininyooshea ile kalamu, niishike?